Diski kubwa za breki hazifupishi safari ya kusimama

"Funga diski kubwa, gari litasimama upesi." Wengi wanaotaka gari la kila siku liweze pia mbio za wikendi huanzia hapo, na hela huishia hapo. Lakini kama breki ulizonazo tayari zinaweza kukwamisha magurudumu yasizunguke au kuamsha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame), kikomo chako ni mshiko wa tairi barabarani, na diski haiongezi mshiko huo.

Faida ya diski kubwa ni kuhimili joto. Ukizunguka uwanja wa mbio kwa kasi mara kadhaa, pedi za kawaida hupoteza nguvu, na oili ya breki ikichemka hutoa mvuke. Oili haibanwi, mvuke hubanwa. Ndipo pedali inapozama hadi chini. Oili mpya ya daraja la DOT 4 inatakiwa kuhimili angalau 230°C kabla ya kuchemka. Ikishavuta unyevu, kiwango hicho hushuka hadi 155°C.

Kwa hiyo anza na tairi nzuri, oili mpya na pedi za kustahimili joto. Si zile za mashindano matupu, tafadhali: asubuhi zikiwa baridi hazishiki vizuri. Na diski zenye matundu? Zinapendeza, ila kwenye joto kali nyufa huanzia matunduni.