Hamira inayogeuza mabaki ya jibini kuwa sukari adimu

Hamira ile ile ya mandazi na mkate, Saccharomyces cerevisiae, ndiyo ninayoshughulika nayo maabara. Watu wakisikia kwamba tunabadilisha jeni zake ili itoe sukari, huuliza: kwani hamira si hula sukari? Ndiyo, hula, na ugumu wa kazi yetu umelala hapo hapo. Ukitaka ikutengenezee sukari, kwanza uizuie isiimalize.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni tagatosi, sukari inayopatikana kwa uchache mno kwenye bidhaa za maziwa. Utamu wake ni kama asilimia 92 ya ule wa sukari ya mezani, lakini gramu moja hutoa takriban kilokalori 1.5 badala ya 4, na haipandishi sana sukari ya damu. Ukiioka, inageuka rangi ya kahawia vizuri kabisa. Kinachoikwamisha ni gharama ya kuitengeneza.

Njia iliyozoeleka hutumia kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoharakisha mmenyuko, kugeuza galaktosi, sukari nyingine rahisi, kuwa tagatosi. Mmenyuko huo ni kama mlango unaofunguka pande zote mbili: tagatosi ikishaongezeka, nayo huanza kurudi kuwa galaktosi, na kazi inasimama nusu njia. Unabaki na mchanganyiko wa sukari mbili zenye fomula moja, C6H12O6, na kuzitenganisha ni ghali.

Mwaka 2019 kundi la Yong-Su Jin wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, lilichapisha katika jarida la Nature Communications njia ya kulikwepa tatizo hilo kwa kutumia hamira. Malighafi yao ilikuwa laktosi, sukari ya maziwa iliyoundwa na glukosi na galaktosi zilizoungana, ambayo imejaa kwenye maji yanayobaki maziwa yakishaganda kuwa jibini. Kilo moja ya jibini huacha takriban lita 9 za maji hayo, na yakimwagwa mtoni bakteria huyashambulia hadi samaki wanakosa oksijeni.

Hamira ya kawaida haiwezi kula laktosi. Kwa hiyo ilipewa jeni mbili za kuvu aitwaye Neurospora crassa: moja ya protini inayoingiza laktosi ndani ya seli ikiwa nzima, nyingine ya kimeng'enya kinachoikata humo humo ndani. Hilo la kukatia ndani ndilo lililonivutia zaidi. Laktosi ikikatwa nje, glukosi hutapakaa, na hamira ikishaonja glukosi haihangaiki na galaktosi mpaka glukosi iishe. Ikikatwa ndani, zote mbili zimeshaingia: glukosi inakuwa chakula cha seli, galaktosi inakuwa malighafi yetu. Na ili galaktosi nayo isiliwe, jeni iitwayo GAL1, inayoanzisha hatua ya kwanza ya kuila, ilifutwa.

Kisha, badala ya hatua moja, zikawekwa mbili. Kimeng'enya cha kwanza huiongezea galaktosi hidrojeni kutoka NADPH, molekuli inayobeba hidrojeni ndani ya seli, inakuwa galaktitoli. Cha pili huiondolea hidrojeni kwa kuikabidhi NAD+, molekuli nyingine ya seli inayopokea hidrojeni, inakuwa tagatosi. Ukitazama harakaharaka utaona ni kuweka na kutoa tu. Lakini seli hai daima ina NADPH ya kutosha iliyo tayari kutoa hidrojeni, na NAD+ ya kutosha iliyo tayari kupokea, kwa hiyo kila hatua inasukumwa mbele. Nguvu ya kusukuma inatoka kwenye glukosi ile ile inayoliwa. Walipata gramu 37.69 za tagatosi kwa lita, kwa uwiano wa tagatosi 9 kwa galaktosi 1. Kwangu mimi uwiano huo ndio habari kubwa, kwa sababu unapunguza kazi ya kusafisha.

Kazi iliyobaki ni kuvioanisha vimeng'enya hivyo viwili: cha kwanza kikienda mbio kuliko cha pili, galaktitoli inarundikana.

Nikiulizwa kama mlaji atakula hamira yenye jeni za kuvu, jibu ni kwamba seli huchujwa na sukari husafishwa hadi kuwa fuwele. Molekuli ni ile ile ya kwenye maziwa. Tahadhari iko kwingine: ukila tagatosi nyingi kwa mkupuo, sehemu kubwa hufika utumbo mpana bila kufyonzwa, ukapata gesi na kuhara. Waliozaliwa na tatizo la kurithi la kutovumilia fruktosi wasiiguse kabisa, kwani ini huivunja kwa njia ile ile ya fruktosi.