Si kila mzinga unaovutwa na farasi ni "mizinga ya farasi"

Mizinga ya farasi ni kikosi ambacho kila mpiga mzinga ana farasi wake wa kupanda, ili kiende sambamba na askari wa farasi. Basi, maana ni hiyo. Lakini maelezo ya picha za Vita Kuu ya Kwanza hulibandika jina hilo kwenye kila mzinga wenye farasi mbele yake, na vikosi vya kujitolea vya Uingereza vilivyoistahili sifa hiyo vinapotea humo.

Mwaka 1914 mizinga mingi ya uwanjani ya Uingereza ilivutwa na farasi sita, wawili wawili, kila jozi na mwendeshaji aliyepanda farasi wa kushoto. Hilo halitofautishi chochote. Tazama wapigaji wako wapi. Kwenye mizinga ya kawaida hukaa juu ya vigari vya risasi au hutembea kando, na uzito wao unawachosha farasi wanaovuta. Kwenye mizinga ya farasi wapigaji wako juu ya farasi wao. Wakifika, farasi wa kuvuta huzungushwa ili mdomo wa mzinga umwelekee adui, wapigaji hushuka na kukabidhi hatamu kwa washika farasi, mkia wa mzinga hufunguliwa kutoka kwenye kigari cha mbele, kisha farasi wote hurudishwa nyuma mahali pa kujificha.

Kasi hiyo ina gharama. Kikosi cha mizinga sita kilihitaji farasi zaidi ya 200, na wote wanakunywa maji. Mzinga nao lazima uwe mwepesi: ule wa paundi 13 (jina linatokana na uzito wa kombora lake) ulikuwa na takriban kilo 1,000, wa paundi 18 karibu kilo 1,300, na tofauti hiyo inalipwa kwa kombora dogo. Hata hivyo ukubwa wa mzinga si kipimo. Huko Misri baadhi ya vikosi vya kujitolea vilitumia kwa muda mizinga ya paundi 18, kisha mwaka 1917 vikapewa ya paundi 13, na muda wote huo vilikuwa mizinga ya farasi.

Neno "kujitolea" nalo linaeleweka vibaya. Hawa hawakuokotwa vita vilipoanza. Jeshi la Territorial, yaani jeshi la akiba la watu wa kujitolea wa Uingereza, liliundwa 1908. Watu walikuwa na kazi zao, wakifanya mazoezi jioni na kambi kila mwaka, na kisheria hawakupelekwa ng'ambo bila kukubali wenyewe. Kikosi cha Warwickshire kilikuwa Ufaransa kabla 1914 haijaisha. Vya Nottinghamshire na vya Honourable Artillery Company, kikosi cha kujitolea cha London, vilipigana Sinai na Palestina pamoja na wapanda farasi wa Australia.

Tarehe 1 Mei 1918, karibu na kivuko cha Jisr ed Damieh kwenye mto Jordan, Waosmani walishambulia kwa nguvu na vikosi hivyo vikapoteza mizinga tisa. Nyuma yao kulikuwa na vilima na makorongo. Mtu na farasi wake waliweza kupanda. Farasi sita wenye mzinga nyuma hawakuweza.

Kwa hiyo ukiwa na picha ya farasi sita na mzinga, na wapigaji wameketi juu ya kigari, tafadhali andika "mizinga ya uwanjani inayovutwa na farasi". Ni ndefu kidogo, lakini ni sahihi.