Slaidi: faili la kufanyia kazi na faili la kutuma

Kazi yangu ni kuandaa kompyuta na projekta za mikutano, kwa hiyo slaidi za watu wengine hupita mikononi mwangu karibu kila wiki. Malalamiko ninayoletewa yanafanana mno: maandishi yamehama mahali pake, video haichezi, barua pepe imerudi kwa sababu faili ni zito, au mpokeaji kaona jambo ambalo hakutakiwa kuliona. Mara nyingi chanzo ni kimoja. Mtu katuma faili lile lile analofanyia kazi, bila kujua limebeba nini.

Basi tulifungue. Faili la PPTX, ambalo PowerPoint imekuwa ikilitumia tangu toleo la 2007, ni furushi la ZIP lenye mafaili mengi madogo ndani. Ukitaka kuhakikisha, tengeneza nakala (nakala, siyo faili lenyewe), badilisha herufi za mwisho za jina kutoka .pptx ziwe .zip, kisha ibofye. Kama Windows yako imezificha herufi hizo, nenda kwenye mipangilio ya folda uiamuru izionyeshe. Mimi siku zote huziacha wazi, maana bila hizo huwezi kujua kama unatuma PPTX au PDF mpaka uifungue.

Ndani utakuta folda iitwayo ppt, na humo folda nyingine, slides. Kila slaidi ina faili lake la maandishi: slide1.xml, slide2.xml, na kuendelea. Hayo ni mepesi, kwa kawaida ni kilobaiti tu. Uzito umejificha kwenye folda ya media. Panga vilivyomo kwa ukubwa na mkosaji atajitokeza juu kabisa. Mara nyingi ni picha zilizopigwa kwa simu, kila moja ina megabaiti kadhaa, na kwenye slaidi zimekaa kwenye kona zikiwa ndogo kama stempu. Kuvuta kona ya picha ili ipungue hakupunguzi uzito wake. Inaonekana ndogo tu, lakini imebebwa nzima.

Dawa yake iko ndani ya PowerPoint. Bofya picha yoyote, nenda kwenye menyu ya picha, chagua Compress Pictures, halafu ondoa alama kwenye kisanduku kinachosema kazi hiyo ifanyike kwa picha hiyo moja tu. Utaulizwa unataka ppi ngapi, yaani pikseli ngapi kwa kila inchi. Watu huogopa hapa wakidhani picha zitaharibika, kwa hiyo tupige hesabu. Slaidi ya kawaida ya siku hizi, ile ya 16:9, ina upana wa inchi 13.33. Ukichagua 150, picha inayojaza slaidi nzima itabaki na pikseli 2000 kwa upana. Projekta ya Full HD ina pikseli 1920. Hakuna mtu ukumbini atakayeona tofauti. Kama slaidi zitachapishwa kwenye karatasi, chukua 220.

Dirisha hilo hilo lina kisanduku kingine ambacho nakipa uzito kuliko hata hicho cha ukubwa: kile cha kufuta sehemu zilizokatwa za picha. Ukikata picha ndani ya PowerPoint, sehemu uliyoikata haiendi popote. Imefichwa tu, na yeyote mwenye faili anaweza kuirudisha kwa mibofyo miwili. Fikiria picha ya skrini uliyoikata ili jina na namba ya simu ya mteja visionekane, kisha ukamtumia mtu PPTX. Umemtumia vyote.

Na siyo picha pekee. Rudi kwenye furushi letu. Kama kuna folda iitwayo embeddings, humo mna majedwali ya Excel. Chati uliyoinakili kutoka Excel na kuibandika kwenye slaidi inaweza kuja na kitabu kizima cha Excel, pamoja na kurasa ambazo hazihusiani na chati hiyo. Anayebofya chati na kuomba kuhariri data anafunguliwa yote. Ukibandika chati, bandika kama picha, isipokuwa kama mpokeaji anahitaji kuibadilisha. Folda ya notesSlides ina maelezo ya msemaji, yale unayojiandikia chini ya slaidi: "hapa usitaje bei", "mkurugenzi hapendi hii". Folda ya docProps ina jina la mwandishi na la mtu wa mwisho aliyehifadhi faili. Ukirithi slaidi za mwenzako ukazigeuza zako, jina lake bado limo.

PowerPoint ya Windows ina ukaguzi wa mambo haya. Uko kwenye menyu ya File, sehemu ya Info, chini ya Check for Issues. Itakuorodheshea maoni, maelezo ya msemaji, majina na vitu vilivyofichwa, kisha itakuuliza uondoe vitu gani. Ufanye kwenye nakala, kwa sababu baadhi ya vinavyoondolewa havirudi. Kupata nakala ni rahisi: bonyeza F12, andika jina jingine, hifadhi.

Sasa swali la nani anapokea. Hapo ndipo aina ya faili inapoamuliwa, na mimi huanza na swali moja tu: huyu mtu atasoma, ataonyesha, au atahariri?

Wa kusoma mpe PDF. Fonti zinasafiri nayo, mpangilio hauhami, inafunguka kwenye simu yoyote, na maelezo ya msemaji hayaingii usipochagua yaingie. Kabla ya kuhifadhi angalia kisanduku cha slaidi zilizofichwa, maana nazo zinaweza kutokea. Tatizo la PDF ni mijongeo. Slaidi ambayo picha tatu zinatokea moja baada ya nyingine mahali pamoja, kwenye PDF zote tatu zitalaliana na ya juu ndiyo itakayoonekana. Kwa slaidi kama hizo, irudufu kwa Ctrl+D, kisha acha picha moja kwenye kila nakala. Video kwenye PDF itageuka picha tuli, kwa hiyo kama video ndiyo hoja yako, hifadhi wasilisho lote kama MP4. PowerPoint inafanya hivyo yenyewe, ila itachukua muda.

Wa kuonyesha kwenye kompyuta nyingine anahitaji PPTX, au PPSX ambayo ukiibofya inaanza kuonyesha moja kwa moja bila kupitia ukurasa wa uhariri. PPSX siyo kufuli, tafadhali. Mtu akianza na PowerPoint kisha akaifungua humo, anahariri kama kawaida.

Huyu wa kuonyesha ndiye fonti humsumbua zaidi. Kwa kawaida slaidi hazibebi fonti, zinabeba jina la fonti tu. Kompyuta ya ukumbini ikikosa fonti hiyo, inaweka nyingine, na kwa kuwa herufi zake ni pana au nyembamba kuliko zako, kichwa cha mstari mmoja kinakuwa mistari miwili na kinaangukia picha. Kwenye PowerPoint ya Windows, fungua Options, sehemu ya Save, weka alama kwenye Embed fonts in the file. Utapewa chaguo mbili: kubeba herufi zilizotumika tu, au herufi zote. La kwanza linaweka faili jepesi, la pili linamwezesha mwingine kuhariri kwa fonti ile ile. Kuna fonti ambazo leseni yake hairuhusu kubebwa, na hapo suluhisho langu ni la kizee: tumia Arial. Haina mvuto, lakini hainipigii simu usiku.

Video nazo, tangu PowerPoint ya 2010, kwa kawaida hupachikwa ndani ya faili. Ila bado unaweza kuiunganisha badala ya kuipachika, na ikiwa hivyo slaidi inabeba anwani tu, kitu kama C:\Users\ na jina lako. Kwenye kompyuta nyingine anwani hiyo haipo na video haipo. Namna ya kujua ni ile ile: fungua furushi, tazama kama MP4 imo kwenye media.

Wa kuhariri, kama anatumia LibreOffice Impress, programu ya bure ya slaidi, anaweza kupokea PPTX, ila tarajia mambo kusogea kidogo. Wa Keynote, programu ya slaidi ya Apple, asikutumie .key kama huna Mac. Mwambie aihamishe iwe PPTX.

Kuhusu njia ya kutuma: Gmail inaishia MB 25 kwa viambatisho, lakini usiitegemee namba hiyo. Kiambatisho kikisafiri kwa barua pepe hugeuzwa kuwa herufi, na mgeuzo huo unaongeza uzito kwa takriban theluthi. Faili la MB 20 linafika kwenye seva ya mpokeaji likiwa na karibu MB 27, na seva yenye kikomo cha 25 inalirudisha. Mimi nikizidi MB 15 naliweka faili mtandaoni na kutuma kiungo chake.

Kiungo nacho kina tabia zake. Kabla ya kukituma, kifungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ambako hujaingia kwenye akaunti yako. Ukiombwa kuingia, na mpokeaji ataombwa pia, na ataomba ruhusa wakati wewe uko safarini. Chagua pia kama anaangalia, anatoa maoni au anahariri. Kwenye Google Slides, ukitaka kila mtu apate nakala yake bila kugusa yako, futa neno edit na vyote vinavyolifuata kwenye kiungo, kisha uandike copy. Akikibofya ataulizwa kama anataka kujitengenezea nakala. Kumbuka vilevile kwamba kiungo ni kitu hai: ukibadilisha takwimu kesho, aliyesoma leo akirudi atakuta nyingine. Mambo yaliyopitishwa na kikao yatume kama PDF.

Jambo la mwisho ni la upande wa kupokea. Ukibofya kiambatisho moja kwa moja kutoka kwenye barua pepe, mara nyingi kinafunguka kutoka folda ya muda. Utahariri, utabonyeza Ctrl+S, kompyuta inaweza kukubali, na kesho hutaiona kazi yako mahali popote unapopajua. Hifadhi kwanza kiambatisho kwenye folda yako, ndipo ukifungue. Kwa flashi vivyo hivyo: nakili faili kwenye kompyuta, onyesha kutoka hapo, na usiichomoe flashi kabla ya kuiamuru itoke.