Sensa ya gesi kuwa na joto sio ubovu

Juzi hapa Mkomani, Lamu, jamaa yangu kachomoa kengele ya gesi jikoni kwake ati ina joto, itatulipua sote na mtungi wetu. Skiza, joto ndo kazi yake. Mle ndani mna kipande kidogo cha oksidi ya bati, hiyo ni semikondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme nusunusu, na kijiwaya cha kukipasha moto mpaka kama digrii 200 hadi 400 hivi. Kikiwa moto hivyo oksijeni ya hewani inajishika juu yake inanyang'anya elektroni, zile chembe zinazobeba umeme, umeme unapita kwa tabu, sasa gesi ikivuja inaungana na ile oksijeni, elektroni zinarudi, umeme unapita kwa urahisi na kengele inalia. Kikiwa baridi hakishiki vizuri, ndo maana ukiiwasha lazima ungoje kidogo.

Na kulipuka je? Imefunikwa wavu wa chuma, ukiutazama karibu ni kama chujio la chai, gesi inapenya ila mwali hautoki nje.

Kosa lake lilikuwa lingine kabisa, aliitundika juu huko karibu na boriti, na gesi ya mtungi nzito kuliko hewa, yenyewe inatambaa sakafuni.