Nani alijenga Mji wa Kale wa Lamu? Dhana potofu za wageni na ukweli wake

Ninapowatembeza wageni kutoka gatini kuelekea mtaa wa Mkomani, mara nyingi hatujamaliza hata kichochoro cha kwanza kabla sijaisikia kauli ile ile, kwamba mji huu ulijengwa na Waarabu kisha Waswahili wakaurithi. Wanaisema watalii wa ng'ambo na, jambo linaloniuma zaidi, wanaisema pia wanafunzi wa Kenya walioletwa na walimu wao.

Kauli hiyo haisimami mbele ya tarehe. Msikiti wa Pwani, ulio karibu na ngome, unahesabiwa kuwa wa mwaka 1370, na nyumba nyingi kubwa za mawe zenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ni za karne ya 18. Waomani walishika nguvu hapa baada ya vita vya Shela, mnamo 1812 au 1813, ambapo watu wa Lamu waliwashinda watu wa Pate na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, kisha, kwa kuhofia kisasi, wakaomba ulinzi wa Sayyid Said, mtawala wa Oman. Aliyeitwa aje kuulinda mji atakuwaje ndiye aliyeuasisi? Huko Shanga, kisiwani Pate, wanaakiolojia walifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya chini ikiwa ya miti, ya tangu karne ya 8, na ya juu ikiwa ya mawe. Yaani ufundi huu ulikulia papa hapa, hatua kwa hatua. Sikatai kwamba tulifanya biashara na kuoana na Waarabu, Waajemi na Wahindi, lakini kuoana na mgeni si kujengewa mji naye.

Mwenye shaka na aingie ndani ya nyumba, atazame dari. Inabebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, vyumba vikawa virefu na vyembamba, upana wake kwa kawaida haufiki mita 3. Matumbawe ya kuchonga hutolewa baharini yakiwa bado laini, hukatwa na kunakshiwa mapema, kisha hukauka yakawa magumu. Mengine huchomwa yakatoa chokaa. Huo ni ujuzi wa watu walioishi na mikoko na miamba hii vizazi kwa vizazi.

Mengine ni mafupi. Ngome ya Lamu si ya Wareno: ilianza kujengwa mnamo 1813 na kukamilika 1821, ikatumiwa kuwa gereza hadi 1984. Ya Wareno ni Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanzwa 1593. Majengo yanayotazama bahari, ambayo kila mtu hukimbilia kuyapiga picha, si ndiyo makongwe. Mengi ni ya karne ya 19, na ya zamani zaidi yako nyuma yake. Wala kuta tupu za vichochoroni si dalili ya umaskini, kwa sababu mwenye nyumba wa Lamu aliyaweka mapambo ndani, kwa ajili ya jamaa na wageni wake, na si kwa wapita njia.

Kwa hiyo nawasihi wageni waanzie kwenye makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, asubuhi kabla ya jua kali, na ngome waiache mwisho. Anayeanzia ngomeni huanza na sura ya mwisho ya historia hii, na kutwa nzima huwa nahangaika kumrudisha nyuma.