Kumtelekeza mtoto si mpaka umkimbie

Wanaume kadhaa wamewahi kuniambia, kwa uchungu wa kweli, kwamba hawawezi kushtakiwa kwa kutelekeza watoto kwa sababu hawajahama nyumbani. Kuhama nyumbani si kipimo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar wana yao ya mwaka 2011), huanza kwa kuuliza mtoto mwenyewe anapata nini.

Kifungu cha 8 kinamtaka mzazi, mlezi au mtu yeyote mwenye mtoto ampatie chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na mwongozo. Nafasi ya kucheza na kupumzika nayo imetajwa humo humo. Kifungu cha 9 kinaongeza kumlinda mtoto dhidi ya ukatili na ubaguzi, na kuhakikisha kwamba mzazi asipokuwepo kwa muda, mtoto anabaki na mtu anayeweza kumtunza. Kwa hiyo ukimfungia chumbani mtoto wa miaka mitatu na kaka yake wa miaka saba ili uwahi sokoni, hujatimiza wajibu huo. Najua akina mama wengi hawana pa kumwacha, na inaniumiza kuliandika hili, lakini heri ulisikie kwangu kabla chumba hakijashika moto.

Je, umaskini ni kutelekeza? Hili ndilo ninaloulizwa zaidi, na jibu linasaidiwa na kifungu cha 95. Kinampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa serikali za mitaa pale mzazi *mwenye uwezo* anapokataa au kupuuza kumhudumia mtoto. Uwezo kwanza. Mama anayechemsha uji usio na sukari kwa kuwa hana zaidi, huyo hajapuuza. Baba anayenunulia wenzake bia huku pesa ya daftari na sare inamshinda, huyo ndiye anayesemwa.

Uwezo unarudi tena pale mahakama inapopanga kiasi cha matunzo. Hakimu hupima kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaomtegemea mzazi huyo, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Tumetoka mbali. Sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa ilikuwa na kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, na kikomo hicho kiliendelea kuwepo wakati shilingi 100 haitoshi hata andazi. Ilifutwa na sheria hii ya 2009.

Jambo moja linawaponyoka wengi: muda. Maombi ya matunzo dhidi ya anayetajwa kuwa baba yanaweza kupelekwa hata kabla mtoto hajazaliwa, au ndani ya miezi 24 tangu azaliwe. Baada ya hapo, kwa kawaida utatakiwa kuthibitisha kwamba ndani ya miezi hiyo aliwahi kutoa fedha za matunzo. Ndiyo maana mama akikaa mezani kwangu naomba kwanza simu yake. Ule ujumbe wa M-Pesa wa shilingi 15,000, wenye jina la aliyetuma na tarehe, unaweza kuibeba kesi nzima. Usiufute, hata kama mmegombana. Baba akikana kabisa, kuna kipimo cha vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Adhabu ya kukiuka wajibu huu wa kumtunza mtoto inafika faini ya shilingi milioni 5, kifungo cha miezi 6, au vyote viwili. Mimi huwa siwashauri wateja wakimbilie huko, maana kifungo hakimlishi mtoto. Anza kwa afisa ustawi wa jamii. Atamwita mzazi na kuzungumza naye. Akikaidi, shauri linakwenda Mahakama ya Watoto. Maombi ya matunzo si ya mama peke yake: mlezi, ndugu wa mtoto, au afisa ustawi mwenyewe anaweza kuyapeleka. Na baba anayelea watoto peke yake ana haki ile ile ya kuomba mama yao achangie.