Mwaka wa akiba una miongo 36

Mwezi wa tano ukiingia na masika yakishika, najua ni watu gani watakaokuja dirishani kwetu. Ni wale walioanza Januari kwa moyo mmoja, wakaweka Februari, wakaweka Machi, halafu wakakwama. Wanakuja kwa sauti ya chini kama mtu aliyekuja kuomba radhi, na maneno huwa ni yale yale: "Dada, mwaka huu umenishinda. Nitaanza tena mwakani."

Kazi yangu ni kuelimisha wanachama katika sacco moja, yaani chama cha akiba na mikopo, hapa Mombasa, na huu ni mwaka wa 14. Wanachama wetu ni madereva wa tuktuk, wauza mboga na samaki wa Kongowea, mafundi cherehani, walimu, makarani wa bandarini, vijana wa mashua kule bichi. Kwa miaka yote hiyo nimewasikiliza wakijilaumu kwamba hawana nidhamu, kwamba mkono wao unavuja. Wachache ni kweli. Wengi, nikiwafungulia hesabu zao, naona kosa halikuwa kwenye matumizi. Lengo la mwaka walilikata vibaya tangu siku ya kwanza.

Sote tumefundishwa kugawanya kwa 12. Unataka 60,000, basi kila mwezi 5,000. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini nani katika mji huu anapata pesa sawasawa miezi 12? Kijana wa mashua ya kioo, anayepeleka wageni kutazama matumbawe, Desemba na Januari hana nafasi hata ya kula. Aprili hadi Juni kusi inavuma, bahari imechafuka, wageni wamepungua, naye anashinda amekaa juu ya mashua iliyovutwa mchangani. Kumwambia alete 5,000 mwezi wa tano ni kumpangia kushindwa.

Nilikaa na mmoja wao tukapanga upya. Januari na Februari 8,000 kila mwezi, Machi 5,000. Aprili, Mei na Juni, 1,000 tu kila mwezi. Julai 5,000, Agosti 8,000, Septemba mpaka Novemba 4,000 kila mwezi, Desemba 11,000. Ukijumlisha ni 60,000 ile ile. Ila sasa mwezi wa tano akileta elfu moja yake, ametimiza. Anaondoka dirishani ameshamaliza kazi ya mwezi, hadaiwi chochote. Mimi elfu ile ya Mei naithamini kuliko kumi na moja za Desemba, maana bila ya Mei mtu hafiki Desemba.

Kila mtu ana majira yake. Mwenye watoto shuleni, Januari yake ni ya karo, sare na vitabu, kwa hiyo hiyo ndiyo iwe elfu moja yake. Mwalimu anayelipwa mshahara anaweza kubaki na mgawanyo wa sawa, kwake hauna shida. Fundi cherehani anavuna kabla ya Idi. Na hapa kuna mtego ambao huwanasa watu kila mwaka: wananakili mpango wa mwaka uliopita. Idi el-Fitri ya 2024 tulisali Aprili 10, ya 2025 ikawa Machi 31. Mfungo unarudi nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka, na vunja jungu, futari na nguo za watoto vinarudi nyuma pamoja nao. Mpango wa akiba usiohama pamoja na mwezi mwandamo utakutana na sikukuu mahali ambapo haukuitarajia.

Kwa anayepata kipato cha kila siku, mwezi wenyewe ni mrefu mno. Hili sikulisoma popote. Nilifundishwa na mama mmoja anayepika mahamri na mbaazi Mishomoroni.

Alinionyesha daftari lake. Ni daftari la hesabu la mtoto wa shule, lile la mraba, jalada limelowa mafuta pembeni. Katikati yake amechora miraba 36, sita kwenda na sita kushuka. Kila mraba ni siku 10, na kiwango chake ni 1,500, yaani 150 kila siku. Zikitimia, anaupaka mraba wote rangi kwa kalamu ya mjukuu wake. Zikifika nusu, anapiga mstari kona kwa kona na kupaka upande mmoja. Asipoweka kitu, mraba unabaki mweupe. Nilimuuliza mbona upungufu hausukumi kwenye mraba unaofuata. Akaniambia, "Mwanangu, deni la jana nikilichanganya na unga wa leo, sitauza wala sitaweka."

Mwisho wa mwaka ule miraba 29 ilikuwa imejaa, minne nusu, mitatu mieupe. Ni shilingi 46,500. Lengo lilikuwa 54,000, na kwa hesabu ya kawaida angesema ameshindwa. Yeye alinunua friza ya mtumba, akaanza kuuza barafu na maji ya ukwaju pembeni ya karai lake.

Siku zake 10 zina asili, ingawa sijui kama aliifikiria. Siku hizi muongo tunautumia kwa miaka kumi. Zamani, kwa manahodha wa majahazi na wakulima wa pwani hii, muongo ulikuwa siku kumi. Mwaka wao ulianzia Nairuzi, ile Siku ya Mwaka ambayo Makunduchi kule Unguja bado wanaisherehekea mwezi wa Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Walihesabu miongo 36 na siku 5 juu yake, na kwa hesabu hiyo wakajua lini watie mbegu na lini pepo zitageuka. Watu waliotegemea upepo walikuwa na sababu ya kuukata mwaka vipande vidogo, na anayeuza mahamri kando ya barabara anategemea upepo vilevile.

Methali ya haba na haba tunaisema sana bila kuisikiliza. Inasema hujaza kibaba. Haikusema gunia. Kibaba ni kipimo kidogo cha nafaka, vinne ndivyo vinavyofanya pishi. Unakijaza, unakiona kimejaa, unakimimina, unaanza kingine. Aliyetunga alijua kwamba mkono unaotia punje unahitaji kuuona mdomo wa chombo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Clark Hull, aliandika mwaka 1932 kuhusu jambo lililo karibu na hilo: panya ndani ya njia za kutatanisha huongeza mbio kadiri wanavyokikaribia chakula. Januari hadi Desemba ni njia ndefu, na mtu aliye katikati yake haoni alikotoka wala anakokwenda. Ndiyo maana dirisha letu linajaa mwezi wa tano. Ukiwa na miraba 36, mwisho wa mraba hauko mbali nawe hata siku moja.

Sasa niseme la kwangu, maana nimeliona hili kwa macho yangu kabla sijalifundisha kwa mtu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliweka lengo la 60,000 katika akaunti ya kawaida, 5,000 kila mwezi. Nikafika Aprili nina 20,000. Mwezi wa tano mvua ikang'oa mabati ya nyumba ya mamangu, nikachukua 9,000. Zikabaki 11,000. Kila nilipotazama salio nilihesabu ningekuwa na ngapi, moyo unazama, na nikaacha. Kuanzia Mei hadi Desemba sikuweka hata mia. Miaka mingi nilikuwa nikisema mabati yaliniharibia akiba. Si kweli. Mabati yalichukua 9,000. Kuacha kulichukua 40,000.

Siku hizi hilo ndilo swali la kwanza ninalomuuliza aliyekuja kusema mwaka umemshinda: umetoa ngapi, na tangu utoe, ni ngapi ulizopanga kuweka ambazo hukuziweka? Namwandikia tarakimu mbili hizo kwenye karatasi, moja chini ya nyingine. Mara nyingi ya pili ndiyo kubwa, na mtu hukaa kimya akizitazama.

Kwa hiyo dharura ipewe nyumba yake. Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walichapisha mwaka 2013 utafiti waliofanya magharibi mwa Kenya, miongoni mwa watu wa vyama vya kuchangiana. Baadhi walipewa sanduku la chuma na ufunguo wake, waweke pesa za afya. Wengine sanduku lao lilifungwa na ufunguo ukakaa kwa wahusika wa mradi. Ungetarajia lililofungwa lishinde. Katika kununua vitu vya kinga, kama vyandarua, lililosaidia ni lile ambalo mwenyewe ana ufunguo. Pesa iliyofungwa kabisa mtu anaogopa kuitia, maana hajui kesho mtoto ataamka na nini. Mimi nawashauri miongo mitatu ya mwanzo yote iende kwenye mfuko wa dharura unaofunguka, ndipo waanze kujaza ule usiofunguka. Na ukitoa dharura, usijitoze kurudisha yote kwa mpigo. Muongo unaofuata weka kiwango chako cha kawaida, upake mraba wako, uendelee.

Kuhusu mahali pa kuweka sitakaa sana. Pesa ya akiba isilale katika salio lile lile la M-Pesa unalonunulia sukari. Ihamishe siku hiyo hiyo, hata kama ni 150. Mwenye deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kufidia salio lisilotosha, alimalize kwanza, kwa sababu kila kinachoingia kwenye laini kitakatwa kabla hajakishika. Mchezo wa mtaani, ule wa kuchanga na kupokezana, ni mzuri kwa kitu kimoja cha tarehe moja, mradi unawajua wenzako. Anayeepuka riba, tangu 2008 nchini kuna benki zinazofuata sharia. Sacco inafaa kuwa ule mfuko usiofunguka, maana akiba yake huichoti ukiwa bado mwanachama. Ni dhamana ya mkopo, na mkopo kwa kawaida hufika mara tatu ya akiba. Nikimwambia mwanachama kwamba 60,000 yake inaweza kumfungulia 180,000, naona mabega yanainuka.

Daftari, hata hivyo, naomba liwe la karatasi. Simu inakuonyesha salio, na salio linasema tu uko wapi. Miraba iliyopakwa inaonyesha umetembea vipi, na inaonekana na kila aliye nyumbani. Yule mama wa Mishomoroni alinieleza kwamba kuna muongo alitaka kuuacha mweupe ajinunulie kitu, mjukuu akamuuliza, "Bibi, leo sipaki?" Akatoa mia tatu zilizokuwa zimebaki.

Zile siku 5 zinazobaki nje ya miraba 36 hazina kiwango chochote. Yeye huzitumia kuhesabu, anauliza bei ya kitu anachokitaka mwaka ujao kwenye maduka matatu, kisha anapiga mistari ya ukurasa mpya. Mwaka uliofuata nilipomwona, kiwango cha muongo kilikuwa 1,800, na kalamu ilikuwa ya kijani.